Barua Niliyopewa Kazini

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Ndugu zangu katika Imani, na wazazi wetu mliohudhuria, niliombwa nizungumze juu ya kijana na kazi. Sitawaficha: nina barua mfukoni, na somo langu la leo ni hiyo barua.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kuanzia saa tisa mchana hadi saa mbili usiku nafanya kazi katika stoo ya vifaa vya ujenzi, naandika mali inayoingia na inayotoka. Mshahara huo ndio unaonilipia sehemu ya karo. Wiki tano zilizopita meneja aliniita akanipa mpango wa kuboresha utendaji kazi, wa siku 60. Makosa yalikuwa matatu: hesabu za stoo hazilingani, nachelewa kurudi baada ya swala ya Magharibi, na sipokei simu za wateja.

Jambo la kwanza nililofanya, Allah anisamehe, ni kukasirika. Nilisema, "Hawa wananionea kwa sababu naswali!" Nikafika nyumbani nikamwambia mama kesho siendi tena. Mama akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, waliyoandika ni kweli au ni uongo?"

Nikanyamaza. Manake ruhusa ya kuswali nilipewa. Swala ni dakika 10, lakini mimi nilikuwa narudi baada ya nusu saa, tumekaa barazani twapiga gumzo. Niliifanya swala kuwa ngao ya uvivu wangu. Wallahi, hilo liliniuma kuliko barua yenyewe. Na hesabu pia ni kweli: nilikuwa naandika mwisho wa zamu, kwa kukumbukia. Lakini la simu halikuwa kweli. Hiyo si kazi yangu.

Sote tumesoma madrasa kisa cha Nabii Musa (A.S.) kule Madyan. Katika Suratul Qasas, yule binti alipompendekeza kwa babake amwajiri, alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mimi nilijiona mwaminifu kwa kuwa siibi misumari. Kumbe na dakika za mtu ni amana.

Basi ndugu yangu, dada yangu, ukipewa barua kama hii ufanye nini?

Kwanza, usijibu siku hiyo ukiwa na hasira. Ukiambiwa utie sahihi, andika kwamba umeipokea, tia tarehe, na uombe nakala yako.

Pili, tenga la kweli na lisilo kweli. La kweli likubali. Lisilo kweli lijibu kwa maandishi, kwa adabu, na ushahidi. Mimi nilijibu hivyo, na lile la simu likafutwa.

Tatu, uliza kipimo. Kuambiwa "jitahidi" hakutoshi. Nani atakukagua, siku gani, na makosa mangapi ndiyo mwisho? Mimi na meneja tunakutana kila Alhamisi, na tuliyozungumza nayaandika.

Nne, jua haki yako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema mwajiri anayefikiria kukuachisha kazi kwa utendaji duni lazima kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na asikilize maelezo yako. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukifutwa bila haki, waweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3.

Tano, usimsengenye bosi. Saumu ya mchana kutwa yaweza kuliwa na ulimi kabla ya adhana.

Na wazazi wetu, kijana akija na habari hii, msimkimbilie kwa lawama. Muulizeni kama mama alivyoniuliza.

Mimi zimenibakia siku 25. Sijui meneja ataamua nini. Nimeanza kutafuta kazi nyingine kimyakimya, manake kutawakali si kumwacha ngamia bila kamba. Lakini sasa nikitoa salamu ya Magharibi, navaa viatu narudi stoo. Nikibaki au nikiondoka, nataka niondoke sidaiwi dakika za mtu.

Tuombeane dua. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.