Kanuni za Wanyama wa Pori na wa Bahari: Zinavyobadilishwa, na Wajibu Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chale



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme machache juu ya kanuni za uwindaji na leseni, yaani namna Serikali inavyozitunga, inavyozibadili na inavyozitangaza. Yawezekana baadhi yenu mwajiuliza jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Chale, ambao wengi wetu ni wavuvi na wakulima wa minazi. Latuhusu sana. Shirika la Huduma za Wanyamapori, lijulikanalo kwa herufi zake KWS, ndilo linalowalinda tembo wa Shimba Hills, na ndilo hilo hilo linalosimamia hifadhi za bahari tangu Kisite hata Malindi. Kasa anayepanda kutaga mayai katika mchanga wetu yumo katika sheria moja na chui. Kwa hiyo kanuni ya wanyama ikibadilika Nairobi, huenda ikamgusa mwenye shamba kule Kubo na mwenye ngalawa hapa pwani siku moja.

Tuanze na habari za zamani, maana bila hizo hatutafahamu ya leo.

Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakitawala Afrika yalikutana London, yakatia saini mapatano juu ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Hapakuwa na mzee wa Kidigo, wala wa Kiduruma, wala wa Kikamba aliyeulizwa neno. Mwaka 1907 ikaundwa Idara ya Wanyama katika nchi yetu, na utaratibu wa leseni ukapata watu wa kuusimamia. Aliyekuwa na fedha alinunua leseni, akapewa hesabu ya wanyama aliowaruhusiwa kuwapiga. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akaenda bara kuwinda kwa leseni, na dunia nzima ikasoma habari zake. Lakini mtu wa hapa aliyeingia mwituni na upinde na mishale ya sumu, kama walivyofanya babu zake, aliitwa jangili.

Walioumia zaidi katika Pwani ni ndugu zetu Waliangulu, ambao maisha yao yote yalikuwa uwindaji wa tembo kwa upinde. Katika miaka ya 1950 ilifanywa kampeni kubwa dhidi ya ujangili katika nchi ya Tsavo, na wengi wao wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 Serikali ilianzisha mpango katika nchi ya mto Galana ili Waliangulu wapate kuwinda kwa halali, kwa idadi iliyowekwa. Yaani baada ya miaka 60 ya kuwakataza, wakubwa walitambua kwamba watu hawa nao wangaliweza kupewa nafasi ndani ya sheria. Mpango ule haukudumu. Ulikuja wakati mazoea yao yamekwisha kuvunjwa.

Baada ya Uhuru kanuni ziliendelea kubadilika. Uwindaji wa tembo ulipigwa marufuku mwaka 1973. Mwaka 1976 Bunge lilipitisha sheria mpya, na Idara ya Wanyama ikaunganishwa na ile iliyosimamia mbuga za taifa. Kisha, mwezi wa Mei 1977, tangazo moja katika Gazeti Rasmi la Serikali lilifuta leseni za uwindaji katika Kenya nzima. Chama cha wawindaji wa safari, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilivunjwa mwaka huo huo wa 1977. Wapagazi, wapishi, wafuatiliaji wa nyayo na madereva waliotegemea safari hizo walipoteza kazi zao. Mwaka 1978 ikafuata marufuku ya biashara ya nyara, yaani pembe, ngozi na vitu vya namna hiyo. Uwindaji wa ndege kama kanga na kwale, wajina wa kaunti yetu, uliendelea kuruhusiwa kwa leseni kwa miaka mingi baadaye.

Sisemi kwamba marufuku ya 1977 yalikuwa mabaya. Tembo walikuwa wakimalizwa, na hata baada ya hapo ujangili uliendelea, mpaka Rais Moi alipowasha moto lundo la pembe za ndovu mwezi wa Julai 1989, na Shirika la KWS likaundwa kwa sheria mwaka huo. Ninalotaka mlitazame ni njia iliyotumika. Kwa muda mrefu kanuni hizi zilitoka juu zikashuka. Mwananchi alizijua siku alipokamatwa.

Sasa natuje nyumbani. Katika Kwale yetu tunayo mafunzo matatu, na kila mmoja wenu ayafahamu.

La kwanza ni Kisite, mbele ya Shimoni na Wasini. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 1973. Wavuvi hawakuridhika, wakalalamika kwamba wamenyang'anywa maeneo yao ya kuvulia. Mwaka 1978 ikatangazwa upya, mipaka ikiwa imepunguzwa. Sehemu ya Kisite, kilometa za mraba 28, ikabaki kuwa mbuga ya taifa ya bahari, ambayo wavuvi huiita paki, na humo hakuna kuvua kabisa. Sehemu ya Mpunguti, kilometa za mraba 11, ikawa hifadhi ambamo uvuvi wa kienyeji waruhusiwa. Basi twaona kwamba hata neno lililokwisha kuandikwa katika Gazeti Rasmi laweza kurekebishwa, iwapo wenye mahali watasema.

La pili na la tatu yalitokea mwaka mmoja, 1995. Kule Golini na Mwaluganje, kando ya Shimba Hills, Wadigo na Waduruma wenye mashamba walikuwa wakisumbuliwa na tembo waliokula mahindi yao. Walikaa pamoja na wakuu wa wanyama, wakakubaliana kutoa ardhi yao iwe njia na makao ya tembo, nao wapate mgawo wa fedha za wageni wanaokuja kutazama. Mapato yamepanda na kushuka, na malalamiko hayakukosekana, lakini hapana asemaye kwamba hakujua mapatano yalikuwa nini.

Mwaka huo huo ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Diani–Chale. Kwa sheria, hifadhi si paki, na uvuvi wa kienyeji waweza kuendelea ndani yake. Lakini nani alikuja kuwaeleza hayo watu wa Mwaepe, Mvuleni, Mwanyaza na Chale, kwa lugha yao, kabla ya tangazo kutoka? Wavuvi walilitazama jambo lile wakaona Kisite ya pili. Waliona pia mahoteli yamekwisha kushika pwani, wakahofu kwamba bahari nayo itafuata. Wakakataa. Kwa miaka mingi hifadhi ile ikabaki ya karatasi.

Mabwana na akina mama, tusidanganyane. Kukataa kule kulilinda haki yetu ya kufika baharini, lakini hakukuongeza samaki. Kila mvuvi mzee aliyepo hapa ajua jinsi dema lilivyokuwa likitoka zamani na jinsi litokavyo leo. Ajua pia majuya yalivyokwaruza nyasi za bahari na kuvunja matumbawe, na wazee wetu wenyewe walikuwa wakiyapinga majuya hayo kabla ya Serikali kuyapiga marufuku mwaka 2001. Kule Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi walitenga sehemu ya bahari yao kwa hiari, wakaiita tengefu. Bahari yahitaji mwiko. Neno letu ni kwamba mwiko huo uwekwe pamoja nasi.

Na mwiko si jambo geni kwetu. Misitu ya Kaya haikulindwa na askari wenye bunduki. Ililindwa na katazo ambalo kila mtoto alilisikia kwa wazee wake, akajua ni miti gani haikatwi na ni njia gani haipitwi. Mwaka 2008 Kaya Kinondo, jirani yetu, iliingizwa pamoja na Kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sheria ile haikuandikwa katika gazeti lolote, nayo ilidumu kwa sababu waliotakiwa kuitii waliijua.

Sasa nieleze utaratibu ulivyo leo, maana umebadilika sana. Sheria kuu ya wanyamapori ilitungwa mwaka 2013, ikaanza kutumika Januari 2014. Uwindaji wa michezo ni kosa. Hata uwindaji wa kitoweo ni kosa, na sheria ilipotungwa adhabu yake iliwekwa kuwa faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kijana anayetega paa kichakani asiseme kwamba ni mnyama mdogo tu. Kasa na nguva wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini, na adhabu zake ni nzito kupita hizo. Leseni zitolewazo chini ya sheria hii ni za shughuli nyingine, kama kufuga wanyamapori au kufanya utalii. Leseni ya kuvua samaki iko chini ya sheria ya uvuvi, iliyotungwa upya mwaka 2016, na haitoki kwa KWS. Yafaa tusizichanganye ofisi hizi, tukapoteza nauli na siku za kazi.

Chini ya sheria kuu zipo kanuni, na hizo hutungwa na Waziri. Hapo ndipo mabadiliko mengi hupita. Lakini Waziri hawezi tena kuamka asubuhi akaandika apendavyo. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Ipo pia sheria ya mwaka 2013 inayohusu kanuni zitungwazo na mawaziri, nayo yasema kwamba watakaoguswa na kanuni waulizwe kabla haijatolewa. Ikisha kutangazwa, yapasa ipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao. Isipopelekwa, nguvu yake yakoma. Wabunge waweza kuifuta. Na kanuni yoyote ikitimiza miaka kumi, hukoma yenyewe isipoongezewa muda au kutungwa upya. Maana yake ni kwamba mlango huu hufunguliwa mara kwa mara, na kila ufunguliwapo kuna siku chache za kusema.

Hata Bunge lenyewe si mwisho wa maneno. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha muswada wa wanyamapori ulioletwa na Mheshimiwa G. G. Kariuki, lakini Rais Kibaki hakuutia saini, baada ya mabishano makubwa kutoka pande zote. Waliokuwa wamejipanga ndio waliosikika.

Nitatoa mfano mmoja wa hasara ya kutokuwapo. Sheria ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyamapori, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Lakini fidia hailipwi kwa kila mnyama. Ipo orodha. Hapo mwanzo orodha ile ilikuwa na nyoka wa sumu, na hata papa na taa walitajwa, jambo ambalo wavuvi wengi hawakulijua. Marekebisho ya miaka iliyofuata yakawaondoa nyoka wa sumu. Fikirini mkulima wa Kwale, ambaye hatari yake ya kila siku ni nyoka kuliko simba. Haki yake ilifutwa kwa mstari mmoja wa maandishi. Basi kila mmoja aisome orodha ilivyo leo, asitegemee aliyosikia mwaka 2013. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba Mkutano huu uyapokee mapendekezo manne.

Kwanza, tuchague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe kijana aliyesoma, wawe na kazi ya kufuatilia matangazo ya Serikali juu ya wanyama na bahari, na kuyasoma magazeti yanapotoa wito wa maoni.

Pili, kila rasimu itakayotuhusu ifasiriwe kwa Kiswahili na kuelezwa kwa Kidigo, katika bandari za wavuvi na baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya siku ya mwisho ya kutoa maoni kupita.

Tatu, maoni yetu yaandikwe, yatiwe tarehe na saini, na nakala ibaki katika sanduku la Chama. Neno la baraza hupeperushwa na upepo wa kusi, lakini barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri ni ushahidi hata mahakamani.

Nne, tujue ni nani wanaotuwakilisha katika kamati ya wanyamapori ya kaunti, inayoshughulikia fidia na haki za matumizi, nasi tuwaite hapa angalau mara moja kwa mwaka watueleze wamefanya nini.

Gharama ya mambo haya ni karatasi, nauli na saa chache za watu watatu. Tusipoyafanya, tutaendelea kuzijua kanuni kwa mdomo wa askari, na kukataa kwa hasira yale ambayo tungaliweza kuyarekebisha kwa maneno. Watoto wetu watatuuliza habari ya bahari hii kwa pande zote mbili: kama tuliwaachia njia ya kuifikia, na kama tuliwaachia samaki ndani yake.