Kupima Ubora na Usalama wa Huduma za Nyumbani kwa Watu Wazima: Hali ya Itumbe katika Nchi ya Abagusii

Mada hii inahusu namna ya kupima ubora na usalama wa huduma wanazopewa watu wazima majumbani mwao, hasa wazee, waliopooza, wenye maradhi ya kudumu na wale ambao hospitali imewarudisha kwao kwa kuwa haina tiba zaidi ya kuwapa. Uchunguzi unaelekezwa Itumbe, eneo la milima na mashamba madogo ya chai katika nchi ya Abagusii, ambayo leo imegawanyika baina ya kaunti za Kisii na Nyamira. Huduma ya nyumbani, kwa maana inayotumika hapa, ni kila tendo la kumtunza pale anapoishi mtu mzima asiyeweza kujitunza: kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumlisha, kumpa dawa kwa saa zake, kumsafisha kidonda, kumpeleka chooni na kumkesha. Tendo hilo, liwe limefanywa na mkaza mwana, na mtumishi wa mshahara au na mhudumu kutoka zahanati, linastahili kupimwa kwa hali ya yule anayehudumiwa, wala si kwa idadi ya ziara zilizoandikwa.

Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na katika Ibara ya 57 inaitaka Serikali ichukue hatua ili wazee waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, wakipata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 nchini wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na katika mwaka huohuo Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Hata hivyo ukaguzi wa kawaida wa afya huishia mlangoni mwa hospitali, na chumba ambamo mzee analala miezi sita bila kuinuka hakimo katika ratiba ya mkaguzi yeyote. Mkulima wa Itumbe anajua kwamba chai isiyokuwa majani mawili na chipukizi hurudishwa katika kituo cha kununulia. Matunzo ya mzazi wake hayana kituo ambapo yatakataliwa au kukubaliwa.

Wataalamu wa ubora wa huduma za afya bado wanategemea sana mgawanyo uliotolewa na Avedis Donabedian mwaka 1966, unaotenganisha mambo matatu: muundo, yaani vitu na watu waliopo, mwenendo, yaani yale yanayotendwa, na matokeo, yaani hali anayobaki nayo mgonjwa. Mgawanyo huo ulitungwa kwa kuangalia kazi ya madaktari, lakini unafaa nyumbani pia, mradi usihamishwe pamoja na fomu za hospitali. Muundo wa nyumba ya Itumbe ni choo cha shimo kilicho hatua nyingi kutoka mlango wa nyuma, njia ya udongo kwenye mteremko ambayo huteleza kwa kuwa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, maji ya kutekwa chemchemini, na jiko la kuni linalojaza moshi katika chumba cha mwenye pumu. Mzee akianguka usiku akienda chooni na kuvunjika nyonga, chanzo ni muundo, na dawa ya kwanza inaweza kuwa ndoo yenye kiti cha mbao kando ya kitanda na kamba ya kushika ukutani, vitu ambavyo fundi wa kijijini anaweza kuviweka kwa siku moja. Mwenendo ni mgumu zaidi kuuona, kwa sababu hutendeka wakati hakuna mgeni.

Kwa hiyo matokeo ndiyo yanayopaswa kutangulizwa. Kidonda cha malazi, yaani kidonda kinachotokea juu ya mfupa wa kiuno, nyonga au kisigino kwa mtu kulala upande mmoja muda mrefu mno, ni ushahidi usiobishaniwa kirahisi, kwani kwa sehemu kubwa huzuilika kwa kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, kumkausha na kumlisha vizuri. Kupungua kwa mwili, kuanguka mara mbili katika mwezi, vidonge vilivyobaki vingi kuliko inavyopaswa kwa siku zilizopita, harufu ya mkojo katika mpira wa mkojo uliokaa bila kubadilishwa, na maumivu ambayo mgonjwa ameacha kuyataja kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza, yote hayo husema zaidi kuliko tarehe za ziara.

Hapo ndipo udhaifu wa mpango uliopo unapoonekana, ingawa mpango wenyewe ni hatua kubwa. Tarehe 25 Septemba 2023 Serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akikusudiwa kuhudumia takriban kaya 100, akiwa na mkoba wenye kipima shinikizo la damu, kipima sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu ya kutuma taarifa. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilikubaliwa igawanywe nusu kwa nusu baina ya Serikali Kuu na kaunti, na Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 imewapa nafasi rasmi. Wamewafikia watu ambao hawakuwahi kufikiwa na daktari, na heshima yao ni stahili yao. Lakini mkoba huo hupima damu na joto, haupimi mgongo wa mgonjwa. Mhamasishaji anaweza kuandika shinikizo zuri la damu la mama aliyepooza huku shuka ikificha kidonda kilichofika mfupani. Zaidi ya hayo, mhamasishaji ni jirani wa familia, mara nyingi wa ukoo mmoja nayo, naye ndiye anayetoa sehemu ya huduma. Kumwomba aikadirie huduma hiyo ni kumtwika mzigo usio wa haki.

Suala la nani afunue shuka si dogo kwa Abagusii. Kanuni zao za staha, zinazoitwa chinsoni, huweka mipaka baina ya kizazi na kizazi kinachofuata: mwana hapaswi kuuona uchi wa baba yake, na mkaza mwana hukaa mbali na chumba cha kulala cha baba mkwe. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti katika jamii hiyo katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1966, waliandika kwa kirefu juu ya kanuni hizo, na pia juu ya wepesi uliopo kati ya babu na wajukuu, ambao hutaniana na kukaribiana bila haya. Basi mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye wajukuu wake wako shuleni au Nairobi, anaweza kukaa siku nyingi bila kuogeshwa, si kwa uzembe wa mkaza mwana, bali kwa sababu heshima yenyewe imemfungia mlango. Mkadiriaji asiyejua hilo ataandika kwamba familia imemtelekeza mzee. Anayelijua atauliza ni nani katika ukoo anayeruhusiwa kumgusa, na kama hayupo, atatafuta mwanamume kutoka nje ya ukoo afundishwe na kulipwa. Swali hilo linastahili kuwa la kwanza katika kipimo chochote cha Gusii.

Usalama una upande mwingine, wa kuogofya. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Maradhi ya akili ya uzeeni, ambayo humfanya mtu asahau majina, atangetange usiku, aseme peke yake au aingie boma lisilo lake bila kujua, hufanana mno na yale ambayo uvumi huyaita dalili za mchawi. Mzee mwenye maradhi hayo hawi salama kwa kulishwa na kuogeshwa tu. Mkadiriaji lazima asikilize majirani wanamtajaje, ajue kama mlango wake hufungwa usiku na ni nani anayelala naye, na ahakikishe ugonjwa wake umetajwa kwa jina lake mbele ya familia, ya chifu na ya kanisa. Hakuna kipimo cha kitaalamu cha nje kitakachomwekea Mgusii maswali hayo. Ni lazima yatungwe hapa.

Ujuzi wa nje hata hivyo uko karibu kuliko inavyodhaniwa. Abagusii wengi walioko jimbo la Minnesota, Marekani, wanafanya kazi za uuguzi na utunzaji wa wazee na walemavu, mahali ambapo utoaji wa dawa huandikwa na kutiwa sahihi. Nchini Uingereza tume ya kukagua ubora wa matunzo, iliyoanza kazi mwaka 2009, huuliza kuhusu kila mtoa huduma kama ni salama, kama anafanikiwa, kama ana huruma, kama anaitikia mahitaji ya mtu na kama anaongozwa vyema. Abagusii hao walioko ng'ambo hutuma fedha kwa ajili ya wazazi wao. Wakiombwa, wanaweza kutuma pia saa moja ya mafunzo kwa simu kwa yule anayeogesha.

Kinachopendekezwa ni karatasi moja ya maswali kwa Kiswahili na Ekegusii, ijazwe kila baada ya miezi mitatu na mkadiriaji atokaye kitengo kingine cha afya ya jamii, chini ya muuguzi, akizungumza na mgonjwa peke yake kwanza, akikagua ngozi kwa ruhusa yake, kisha akiuliza hali ya mlezi: analala saa ngapi, anasaidiwa na nani, ana maumivu ya mgongo au la. Mlezi aliyechoka kupita kiasi ni hatari kwa wote wawili. Familia isitozwe faini kwa upungufu unaotokana na umaskini. Majibu yatumike kuipatia glavu, godoro, mkeka wa plastiki na mtu wa kupokezana zamu, na dhuluma ya wazi ipelekwe polisi. Semina inayosikiliza mada hii inaombwa iwasilishe pendekezo hilo kwa kamati za afya za mabunge ya kaunti za Kisii na Nyamira, na iombe fungu la fedha la kuanzia Itumbe katika bajeti inayofuata.