Siku Tatu za Ugeni

Leo twapenda kuwasimulia siku zetu tatu za kwanza mjini London, mwaka 1947, tulipokwenda kusoma, tukakaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe.

Siku ya kwanza tuliletewa chai, tukatia sukari vijiko vinne, kama desturi ya kwetu. Bibi alitabasamu, asiseme neno. Yeye alikunywa yake bila sukari.

Siku ya pili tulimfuata dukani. Kila mnunuzi alitoa kitabu, mwenye duka akakitia alama. Kumbe tangu Januari 1940 sukari iligawiwa kwa kipimo, yapata nusu ratili kwa mtu kwa juma. Na tangu Julai 1946 hata mkate! Nasi tulikuwa tumekunywa fungu la bibi. Tuliona haya sana.

Kitabu cha namna ile tulikuwa nacho, tumekifungia sandukuni tusijue maana yake. Siku ya tatu tulimkabidhi bibi, kisha tukashika kitambaa, tukapangusa vyombo.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijana mwendao ugenini, jembe msingoje kupewa, liulizeni lilipo.