MASHUA ITALALA WAPI?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama wa Kibera na Kawangware. Yachapwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya shauri lililo mbele yenu. Baadhi yenu mliopunguzwa kazini mmelipwa haki yenu, nanyi mwataka kuweka fedha pamoja mnunue mashua ya injini, ya kuvutwa na gari juu ya trela, ipelekwe pwani ikavue nje ya mwamba. Shauri si baya. Lakini fedha hizo ni jasho la miaka mingi, wala hazitalipwa mara ya pili. Kwa hiyo naomba tuulizane jambo moja kabla ya bei na kabla ya rangi: mashua hiyo italala wapi?

Watu wengi hununua kwanza, kisha ndipo hutafuta mahali pa kuweka. Mimi nasema mahali pa kulala ndipo panapochagua mashua.

Tazameni huku kwetu. Chumba cha Kibera ni futi 10 kwa 10. Mashua ya futi 19 juu ya trela huchukua futi 22 au 23, na upana wake ni futi 7 hivi. Vichochoro vingi vya Kibera havipitishi hata mkokoteni. Kawangware ziko ploti zenye lango pana, lakini mwenye ploti atataka kodi kila mwezi, hata mwezi ambao mashua haikuvua samaki mmoja. Kodi hiyo iingizeni katika hesabu tangu leo. Wala msitegemee Bwawa la Nairobi hapa jirani. Lilijengwa mwaka 1953, na zamani mashua za tanga zilikuwa zikienda juu yake. Kisha taka na magugu maji yakaliziba.

Sasa, mbao au faiba? Ndugu waliotoka Nyanza wanaijua mashua ya mbao ya ziwani, nayo ni chombo chema kwa ziwa. Lakini maji ya bahari ni ya chumvi, na msumari wa chuma cha kawaida huliwa ndani ya mbao pasipo kuonekana. Tena mbao hutaka maji. Ikikaa juu ya trela katika jua la Nairobi la Januari na Februari, mbao hukauka, na nyufa hufunguka kati ya ubao na ubao.

Hili nililipata mwenyewe. Tulikuwa watu wanne, tukanunua mashua ya mbao kwa bei rahisi, tukaiweka Kawangware miezi mitatu, kisha tukaishua baharini siku ile ile tuliyofika. Hatukufika hata mwamba. Maji yalitufika magotini, tukayateka kwa ndoo mpaka ufukoni. Kosa lilikuwa letu. Ilitakiwa tuitie kalafati mpya, kisha tuifunge katika maji haba mpaka mbao zivimbe na kuziba.

Kwa mashua itakayokaa nchi kavu muda mrefu, faiba yafaa zaidi. Lakini nayo ikaguliwe. Gonga bodi yote kwa mpini wa nyundo, toka omo hata tezi. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mzito kama wa gunia lililolowa ni dalili ya maji ndani. Kisha shika injini uitikise kwa nguvu. Ubao wa nyuma ukichezacheza, mbao iliyofichwa ndani ya faiba imeoza, na siku moja injini itakwenda chini nawe ukitazama. Chini ya mashua pawe pamechongoka, pa kukata mawimbi. Mashua ya chini bapa hupigwa na mawimbi ya nje mpaka mgongo wako ukome. Kuta zake ziwe za juu, na ndani iwe na maboya yaliyofungiwa, ili hata ikijaa maji ielee.

Injini msiikubali kwa kusikia mlio tu. Muuzaji akitaka kuiwasha bila maji, mkatazeni, maana pampu yake huungua kwa muda mfupi. Iwekwe katika pipa la maji, iwashwe, nanyi mtazame kama inatema maji sawasawa. Kisha fungueni oili ya gia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa bahari ya nje injini ziwe mbili, ili moja ikifa nyingine iwarudishe. Injini ndogo ya nguvu 25 ina uzito wa kilo 50 hivi. Watu wawili huifungua na kuichukua ikafungiwe ndani. Injini kubwa hulala nje, na mwizi anajua.

Trela nayo ni nusu ya mali. Kutoka hapa mpaka Mombasa ni kilomita 480 hivi. Mkifika, magurudumu yana moto. Mkiyaingiza majini papo hapo, beringi hufyonza maji ya chumvi na kuharibika. Ngojeni yapoe. Mkitoka baharini, osheni trela, mashua na injini kwa maji baridi, kisha tieni grisi.

Nje ya mwamba pepo za kusi ni kali, nazo huvuma tangu Aprili hivi mpaka Septemba. Maana yake, mashua itapumzika wakati ule ule masika inanyesha hapa Nairobi. Mashua iliyoachwa wazi huku tundu la kutolea maji limezibwa na majani hujaa. Fanyeni hesabu: sakafu ya mita 4 kwa mita 1 na nusu, maji ya kina cha sentimita 10, ni lita 600, yaani kilo 600. Trela hupinda, na bodi huvunjika ikiwa imesimama tu. Basi ondoeni kizibo, omo iinuliwe, turubai ifunikwe kwa mwinamo huku hewa ikipita chini yake, na trela iwekwe juu ya matofali ili tairi zisibebe uzito.

Shauri langu ni hili. Kama hamna ua wenye lango pana, paa na mlinzi, msiilete mashua Nairobi. Ilale pwani, juu ya mahali ambapo maji ya bamvua hufika, chini ya kivuli cha makuti, kwa mapatano ya maandishi na wavuvi wa bandari ile. Mlinzi alipwe mshahara wa haki. Sisi wa chama hatuwezi kudai haki kwa waajiri kisha tukamnyima mlinzi wetu. Hati ziandikwe kwa jina la kikundi, si la mtu mmoja. Mashua ikaguliwe na Kenya Maritime Authority, na leseni ya uvuvi ipatikane kabla ya safari ya kwanza. Kila mtu awe na jaketi la kuokolea, na redio iwemo. Hayo yawe ndani ya bei. Kama fedha hazitoshi mashua pamoja na hayo, basi fedha hazitoshi mashua.

Watakaopanda chombo hicho ni watoto wenu na ndugu zenu. Chombo kilicholala vibaya miezi sita hakiwezi kuwarudisha siku upepo ukigeuka. Nendeni kwanza mkapate mahali pa kulala, kisha njooni tuzungumze bei.