MTOTO ASIYESEMA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Leo sikuja kusema juu ya mishahara. Nasema juu ya mtoto aliyetimiza miaka mitatu hasemi, na wageni wakija baba humficha. Hiyo si laana, wala si ujinga. Wengine hawasikii. Wengine, huku kwetu ziwani, malaria iliwapanda kichwani ikawaachia ulimi mzito.

Kwanza apimwe masikio. Vituo vya kupima watoto wenye ulemavu vilianza Kenya mwaka 1984. Ulizeni ofisi ya elimu. Lakini mtaalamu humwona mara chache, nanyi mwaishi naye. Ukipaa samaki, mtazame usoni, taja jina lake kwa lugha ya nyumbani, kisha nyamaza umngoje. Akinyosha kidole, amesema, mjibu. Ishara na picha hazizuii maneno, bali huyavuta. Usimcheke.

Asiyesikia ana Lugha ya Ishara ya Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 yaamuru iendelezwe. Nyumba nzima ijifunze.

Basi tudai siku ya kumpeleka mtoto kupimwa bila kukatwa mshahara. Hilo nalo ni dai la chama.