Wasia wa Washika Mizani
Mhadhara wa umma uliotolewa Raskazone, Tanga



Miongoni mwa mataifa ya kale ambayo maandishi yake yamesalimika, Wamisri waliutukuza sana wasia, yaani ile kalamu ya mzazi mwenye cheo ambaye, akiona aushi yake inapunguka, humkabidhi mwanawe yale ambayo mali haiwezi kuyarithisha. Wasia unaonasibishwa na Ptahhotep, waziri wa Mfalme Isesi, huanza kwa mzee kuhesabu taksiri za uzee, macho yakififia na masikio yakiziba. Kisha humwonya kijana asitakabari kwa elimu yake, maadhali neno zuri, adimu kama kito, huweza kuokotwa kwa wajakazi wasagao nafaka.

Lakini anayetuhusu zaidi sisi watu wa bandari ni Amenemope, msimamizi wa mashamba na vipimo vya nafaka, aliyemwandikia kitinda mimba wake sura 30 zipatazo umri wa miaka 3,000. Anamkataza kusogeza mpaka wa konde la mjane, kuchezea mizani, na kupunguza kipimo. Tena anamfunza kwamba akikuta maskini ana deni kubwa, aligawe mafungu matatu, asamehe mawili, abakize moja. Huyu si mtawa aliyeukimbia ulimwengu. Ni mtu wa daftari na ghala, ajuaye jinsi pishi iliyobonyezwa ubavuni inavyoweza kumnyima mtu chakula cha usiku bila ya kelele yoyote.

Tanga nayo ilipata mtu wa kazi kama hiyo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944, naye akawausia wanawe kwa tenzi mbili, Hati kwa binti na Adili kwa mwanamume, akifuata njia ambayo Mwana Kupona binti Mshamu aliipita, yapata 1858, alipomuusia bintiye. Sidai kwamba karani wetu aliwaiga makatibu wa Misri. Yeye alilelewa na dini yake na adabu za pwani. Ninalodai ni kwamba mtu aliyeshika dhamana ya mali ya watu, awe katika ghala la Farao au katika forodha, huijua haki kwa vidole vyake kabla hajaitamka, na kwa hiyo wasia wake huwa na uzito.

Hata hivyo, uzito huo haumfungi mtoto kinywa. Katika wasia wa Ani, katibu mwingine wa Misri, mwana aitwaye Khonsuhotep anamkabili babaye, akisema kwamba mafundisho ni mengi mno, na kwamba kijana huweza kuyakariri yote asitende hata moja. Baba anashikilia kwamba hata simba hufugika. Lakini mwandishi hakuyafuta maneno ya mwana, bali aliyahifadhi pamoja na wasia wenyewe.

Basi sisi tunaofundisha maadili madarasani, na kuyapima kwa mtihani, tumwachie kijana nafasi ya Khonsuhotep: aulize kwa nini asipunguze kipimo hali wakubwa zake wanapunguza. Mwalimu asiyeweza kuonyesha mizani yake mwenyewe hana jibu la swali hilo, na asiye na jibu hilo hajastahili bado kuusia.