Bunduki Yako, Dhamana Yako: Wajibu wa Mwenye Silaha kwa Wengine

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika)



Mmezoea kunisikia nikisema habari za visima, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Leo nimeombwa niseme juu ya jambo lisiloonekana katika taarifa zetu za robo mwaka, ingawa limo ndani ya nyumba za baadhi ya washarika wetu, nalo ni silaha.

Sikusudii kujadili kama Mkristo anaruhusiwa kumiliki bunduki. Sheria ya nchi yetu inamruhusu raia mwenye kibali, na sababu tunazifahamu. Mkulima wa kijiji kinachopakana na pori hulala shambani akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori. Mfanyabiashara hubeba fedha za mauzo usiku. Ninachoomba tukubaliane leo ni jambo moja. Mwenye silaha anawajibika kwa risasi anayoifyatua yeye mwenyewe, na anawajibika pia kwa mkono mwingine utakaoifikia silaha hiyo kwa sababu yeye hakuifunga.

Silaha nyingi zinalala wapi?

Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey iliyoko Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 dunia ilikuwa na silaha ndogo zaidi ya bilioni 1, na kati ya hizo milioni 857 zilikuwa mikononi mwa raia. Hiyo ni kama 85 katika kila 100. Silaha ya kambini ina mlango wa chuma, mlinzi na daftari la kutoa na kurudisha. Silaha ya nyumbani mara nyingi ina uvungu wa kitanda tu.

Serikali za ukanda wetu zililiona jambo hili mapema. Baada ya Azimio la Nairobi la mwaka 2000, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004. Itifaki hiyo inazitaka nchi ziwe na sheria za umiliki wa silaha kwa raia, pamoja na masharti ya kuzitunza kwa usalama. Hapa nyumbani Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015, badala ya ile ya mwaka 1991. Maombi ya kibali hupitia kwenye kamati za ulinzi na usalama, na kibali hupewa mtu kwa jina lake. Hakipewi ukoo wala nyumba. Shemeji, kijana wa kazi au mtoto wa kwanza hana ruhusa ya kuichukua silaha hiyo kwa sababu tu anaishi pale.

Mikono mingine ni ya nani?

Kwanza ni mkono wa mtoto. Wazazi wengi husema, "Nimeficha, watoto hawajui ilipo." Utafiti uliofanyika katika jimbo la Alabama, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2006 uliwahoji wazazi wenye bunduki na watoto wao, kila mmoja kwa wakati wake. Kati ya wazazi waliosema kwamba watoto hawajui bunduki inapowekwa, 39 katika kila 100 walikanushwa na watoto wao wenyewe. Nasi tunawajua watoto wetu. Mtoto anayejua sukari imefichwa wapi atajua na bunduki ilipo. Kuficha si kufunga.

Pili ni mkono wa mtu aliyekata tamaa. Mara nyingi wazo la kujiua humjia mtu kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha hupungua akipata mtu wa kukaa naye. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliamua kwamba askari wanaokwenda nyumbani mwisho wa juma waziache bunduki kambini. Watafiti waliofuatilia waliona kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa askari hao vijana vilipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Saa chache za kuwa mbali na silaha ziliokoa watu. Kufuli nayo huongeza muda, na katika muda huo mke, jirani au mchungaji anaweza kufika.

Tatu ni mkono wenye hasira au pombe. Ugomvi wa ndoa au wa mpaka wa shamba ambao ungeishia kwenye baraza la usuluhishi huishia makaburini kwa sababu bunduki ilikuwa karibu.

Nne ni mkono wa mwizi. Silaha iliyoibwa nyumbani kwa mtu mwema ndiyo itakayomsimamisha dereva wa basi porini.

Funzo kutoka Winnenden

Wageni wetu kutoka Ujerumani wanalikumbuka jina la Winnenden, mji mdogo wa Württemberg, eneo ambalo kanisa lake lina uhusiano wa miaka mingi na makanisa ya Tanzania. Tarehe 11 Machi 2009 kijana wa miaka 17 aliingia katika shule aliyokuwa amesoma, akiwa na bastola ya baba yake. Aliua watu 15, wengi wao wanafunzi na walimu, kisha akajiua.

Baba huyo alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na silaha zake 15 alizimiliki kihalali. Silaha 14 alikuwa amezifungia kwenye kasiki kama sheria ilivyotaka. Moja aliiacha chumbani. Ile moja ndiyo iliyotumika. Mahakama ya Stuttgart ilimtia hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe, mara ya kwanza mwaka 2011, na tena mwaka 2013 baada ya kesi kurudiwa. Alipewa kifungo cha nje. Mwaka ule ule wa 2009 Ujerumani ilibadili sheria, na mamlaka zikapata uwezo wa kukagua jinsi wamiliki wanavyotunza silaha majumbani mwao hata pasipo kuwashuku.

Ndugu zangu, baba yule hakufyatua hata risasi moja siku ile. Wala hakuwa mtu asiyejua sheria, maana alifunga 14. Kilichomhukumu ni ile moja aliyotaka iwe karibu.

Neno la Mungu linasemaje?

Wazo hili halikuanzia mahakamani. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba azungushie ukuta mdogo darini, maana madari yao yalikuwa bapa na watu walikaa juu. Mtu akianguka kwa kukosa ukuta huo, damu yake inakuwa juu ya nyumba. Kutoka 21 inaeleza habari za ng'ombe mwenye kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa naye asimzuie, hatia ni yake pia. Katika sehemu zote mbili mwenye mali hakumgusa mtu. Alijua hatari ilipo, akaiacha wazi.

Kufunga maana yake nini?

Wataalamu wa usalama wa silaha hutaja mambo matatu: silaha isiwe na risasi, ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kwa bastola na raifo, toa magazini kwanza, kisha fungua chemba uitazame kwa macho. Watu wamekufa kwa risasi moja iliyobaki kwenye chemba baada ya magazini kutolewa. Tumia sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Ufunguo ukae mwilini mwako, usining'inizwe msumarini.

Gobole lina hatari yake. Hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kwa mdomoni, na kuvitoa ni kazi. Ndiyo maana wengi huliacha limeshindiliwa, likiegeshwa darini siku nyingi, na baruti ikiwekwa jikoni isishike unyevu. Hayo mawili ni kualika msiba. Gobole lisiingie ndani ya nyumba likiwa limeshindiliwa, na baruti isikae karibu na moto. Gobole lisilo na kibali halina mjadala wa kufuli, linatakiwa lisalimishwe. Mwaka 2022 na 2023 Serikali ilitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Vipindi hivyo vilikwisha, lakini anayesitasita asibaki peke yake. Mchungaji au mzee wa kanisa anaweza kufuatana naye hadi polisi.

Najua swali linalokuja: "Nikiifungia, jambazi akija usiku nitaifungua saa ngapi?" Ni swali la haki. Mwenye hofu hiyo aweke sanduku chumbani mwake, ufunguo akiwa nao, na ajizoeze kulifungua gizani. Lakini tuhesabu kwa uaminifu. Jambazi anaweza kuja usiku mmoja katika miaka mingi, au asije kabisa. Mtoto yumo nyumbani kila siku.

Mambo mawili tunayoyasahau

La kwanza ni mwenye silaha anapofariki. Tunagawana mashamba na ng'ombe, na bunduki inabaki kwa mjane ambaye hajui hata kama ina risasi. Kibali hakirithiwi. Silaha ipelekwe polisi mapema, mpaka mrithi apate kibali chake. Wachungaji, tunapokaa na familia baada ya maziko, tuulize swali hili kwa upole.

La pili ni taasisi zetu wenyewe. Hospitali na shule zetu zinaajiri kampuni za ulinzi. Mkataba unataja mshahara na sare. Je, unataja bunduki ya mlinzi inalala wapi zamu ikibadilika, na nani anasaini daftari? Tusimwambie mkulima afunge gobole lake huku bunduki ya getini imeegemezwa kwenye kiti.

Mapendekezo kwa kamati za sharika

Moja: kila usharika uandae siku moja ya mafunzo, na afisa wa polisi wa kata aalikwe kueleza sheria.

Mbili: kamati isiandike orodha ya washarika wenye silaha. Orodha hiyo ikianguka mikononi mwa wezi itakuwa ramani yao.

Tatu: vijana wa Kipaimara na watoto wa Shule ya Jumapili wafundishwe maneno mepesi: usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima. Hata hivyo mzigo ubaki kwa mzazi. Mtoto hawezi kuwa mlinzi wa bunduki ya baba yake.

Nne, na hili nawaambia pia wafadhili wetu: sitaomba fedha za kununulia masanduku. Aliyeweza kununua bunduki anaweza kununua kufuli, na fundi wa kuchomelea aliye karibu anaweza kumtengenezea sanduku. Tunachoomba ni msaada wa mafunzo, na msaada wa njia nyingine za kulinda mazao, kama uzio wa pilipili na uzio wa mizinga ya nyuki, ambazo zimetumika Tanzania na Kenya kuzuia tembo. Anayelala shambani kwa hofu ya njaa hataachana na gobole kwa mahubiri peke yake.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika jambo hili majuto yanaweza kuja kwa kumpoteza huyo mjukuu mwenyewe. Leo jioni kila mmoja atarudi kwake. Mwenye silaha aitazame kabla hajalala, atoe risasi, afunge, ashike ufunguo. Asiye nayo amuulize ndugu yake aliye nayo, kwa upendo, kama alivyozoea kumuuliza hali ya nyumbani.

Mungu azilinde nyumba zetu.